Mtoto Aliyeniagizia Chakula

Kisangani, Jumamosi mchana

Mwanangu Sifa,

Sina haja ya kukuuliza habari za afya yako, kwa sababu nakusikia kutoka hapa. Uko barazani kati ya magoti ya bibi yako Koko, anakusuka nywele za safari. Kila akivuta unapiga kelele kama unachinjwa, naye anakujibu, "Tulia, we mutoto! Kule Kinshasa banaangalia kichwa mbele ya sura." Mimi niko chumbani, nimekaa juu ya kitanda chetu, na daftari nimeliweka juu ya sanduku lako. Nataka kumaliza kabla Koko hajamaliza.

Meli inaondoka kesho asubuhi. Mambo ya meli sitayaandika. Koko ameshakuambia usiegemee vyuma vya pembeni. Babu yako, Papa, ameshakuambia usimwache mjomba anayekusindikiza, Tonton Kitenge, hata akienda kununua samaki kwa watu wa mitumbwi, na Tonton mwenyewe amesema atakufunga kamba kama mbuzi. Ukifika, mama yako Mauwa atakuambia yaliyobaki. Mimi nina jambo moja tu, na tangu Alhamisi nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Alhamisi tulikuwa tunakunja nguo zako. Nilikuuliza kama unafurahi kwenda kuishi na mama yako. Ulikunja gauni lako la njano, ukasema bila kuniangalia, "Mutoto wa jirani anarudia kwa benyewe." Kisha ukacheka. Mimi nikatoka nje, nikajifanya natafuta sabuni.

Kumbe hukusahau. Ulikuwa na miaka sita, sasa una tisa, nami nilijidanganya kwamba moyo wa mtoto ni kama mchanga wa ukingoni, maji yakipita alama hakuna. Sitaki uondoke ukiamini kwamba tunakurudisha kama sufuria ya kuazima. Acha nikueleze tangu mwanzo, hata pale panaponiaibisha. Ukikuta neno gumu, liruke, utalirudia ukiwa mkubwa.

Dada yangu Mauwa alipomfuata baba yako Kinshasa, ulikuwa bado hujatimiza miaka miwili. Hawakuwa na nyumba, walikuwa wanalala kwa watu. Wakasema utabaki kwetu miezi michache. Koko alikuwa sokoni kila siku na mafuta yake ya mawese, kwa hiyo nilipotoka shule, mgongo uliokuwa nyumbani ulikuwa wangu. Kwetu mdogo wa mama ni mama mudogo, hakuna anayeuliza zaidi. Lakini ulipoanza kusema, "mama mudogo" ilikuwa ndefu kwa ulimi wako. Ukasema "mama". Nami nikaitika. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita jina zuri namna ile.

Sasa nije kwa Madame Lan.

Unajua kazi ya Papa ni kutengeneza frigo zilizokataa kupoza. Umeme wa mji wetu unapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, na Papa husema homa hiyo ndiyo inayotulisha. Siku moja frigo kubwa ya Madame Lan ilikufa ikiwa imejaa samaki. Mgahawa wake mdogo wa meza nane, karibu na barabara ya mto, watu wote wanauita "kwa Mchina". Yeye ni wa Vietnamu, lakini alichoka zamani kuwasahihisha. Papa alilala chini ya ile frigo nusu siku mpaka ikaanza tena kunguruma. Madame akamwambia, "Jumapili unakuja. Na bibi, na batoto, bote." Tangu hapo, kila frigo ilipougua, sisi tulikula. Papa alikuwa anasema, "Ninaiombea afya njema, lakini haiko njema sana."

Jumapili ile ya kwanza ulikuwa na miaka mitano. Papa alivaa koti lake la abacost la kijivu, vifungo mpaka shingoni. Koko alivaa kitenge cha sikukuu na kubeba kikapu. Njiani nikasikia harufu.

"Mama, kikapu ni ya nini?" nikamuuliza Koko.

"Ya chakula."

"Lakini tunaenda kula chakula!"

"Tunaenda kula muchele," Koko akasema. "Muchele iko chakula ya bagonjwa. Mutu akisha kula muchele, anarudi kwake anaanza kula."

Ndani ya kikapu mlikuwa na lituma, ndizi alizozipika na kuziponda asubuhi ile, amezifunga majanini. Nilitaka mto ufurike unichukue.

Tukaketi. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, kitambaa cha meza kilikuwa cha plastiki chenye maua mekundu. Madame alileta menyu, akasimama na kalamu yake. Papa aliitazama, akanisogezea. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, tayari niko lycée, shule ya sekondari. Niliyasoma yote, Sifa. Nilielewa yote. Lakini yule mwanamke alikuwa ananiangalia, na maneno yangu yalikuwa yamelala mahali nisipoweza kuyafikia. Nikahesabu maua ya plastiki. Madame akangoja. Papa akakohoa. Ndipo wewe ukasimama juu ya kiti, ukanyoosha kidole kwenye meza ya mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyekuwa anakula peke yake:

"Madame! Nataka ile ya huyu papa ya ndevu! Na mama yangu naye anataka!"

Yule Mgiriki alicheka mpaka akafuta macho. Akanyanyua sahani yake, akakuonyesha: tambi na kuku, na tangawizi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. "Iko muzuri," akakuambia. "Omba na nem." Nawe ukaomba nem bila kujua ni nini. Zilipokuja, zile sambusa ndefu za kuzungushwa kama sigara, ulizihesabu, ukatugawia moja moja kama padri.

Kisha Koko akafungua majani yake. Nikamwona Madame anakuja moja kwa moja kwetu, nikajua tunafukuzwa. Akainama, akanusa.

"Nini hii?"

"Makemba," Koko akasema, yaani ndizi. "Ya kuponda. Ya mukono yangu."

Madame akamega kwa vidole, akachovya katika ule mchuzi wake mweusi wa samaki, akala akiwa amesimama. Akatafuna polepole.

"Inakosa pilipili."

"Wewe ndiye unakosa pilipili!" Koko akamjibu. "Lete yako tuone!"

Akaileta, akavuta kiti, akakaa. Koko alitokwa machozi kwa ukali wake na akakataa kukiri. Mpaka leo Koko haendi pale bila kifurushi cha pili cha lituma kwa ajili ya Madame. Nami nilikaa nimejikunja kwenye kona yangu, nikiwaza watu wanatuonaje, wakati hakuna aliyekuwa anatutazama isipokuwa kwa kutamani. Niliita ile hali adabu. Watu wazima walinisifu, "Feza mutoto ya adabu, hasemake." Ilinichukua miaka kujua kwamba nusu ya adabu yangu ilikuwa woga uliovaa nguo safi.

Baada ya hapo wewe ndiye uliyekuwa ukiniagizia. Nilikunong'oneza sikioni, nawe ukapaza: "Mama yangu anasema supu ya majani, ya lengalenga, lakini usitie mafuta mingi!" Watu wakacheka, nami nikajificha nyuma ya kichwa chako. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na sauti yangu ilikuwa inakaa katika kinywa cha mtoto wa miaka mitano. Ilikuwa raha kubwa. Sikuwahi kukushukuru, kwa sababu sikujua kwamba ilikuwa kazi.

Sasa sehemu ngumu.

Mwaka uliofuata, shuleni kwetu wasichana wawili walifukuzwa kwa sababu ya mimba. Mmoja alikuwa akikaa dawati mbele yangu. Tuliambiwa tusiwataje. Basi kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake tumbo, na kila aliyeonekana na mtoto mgongoni alikuwa na la kueleza. Mimi niliacha kukubeba nikiona sare ya shule yetu barabarani. Nilikuambia umekuwa mzito.

Siku ile Koko alikuwa amekwenda msibani. Mimi nawe tulikwenda na Papa kwa Madame Lan, na Papa alikuwa jikoni, kichwa chake ndani ya frigo. Wakaingia wasichana watatu wa darasa langu pamoja na baba wa mmoja wao, wakakaa karibu nasi. Niligeuza uso ukutani. Nawe, kama kawaida yako, ukauliza mgahawa mzima:

"Mama! Unataka supu ao tambi?"

Mmoja wao akageuka. "Eh, Feza! Anakuita mama? Kumbe na kimya yako yote, uko na mutoto!"

"Kimya kingi kina mushindo!" mwenzake akasema, wakapigana viganja.

Walikuwa wanatania tu. Ningesema "ni wa dada yangu", wangeelewa palepale. Wote watatu walikuwa na mama wadogo nyumbani kwao, na mmoja wao alilelewa na mama yake mdogo. Lakini nilimwona tu yule msichana wa dawati la mbele, akitoka na vitabu vyake chini ya mkono. Nikasema:

"Hapana. Ni mutoto wa jirani."

Kisha nikaongeza, bila kuulizwa: "Nilimuleta tu. Hata simujue sana."

Uliniangalia. Hukulia. Ulishuka kitini kwa kurudi nyuma, kama ulivyokuwa unashuka, ukaenda jikoni. Nilimsikia Papa akiuliza, "Umesha kushiba?" Nikakusikia ukijibu, "Niko nangojea bantu ya kwetu."

Njiani tulipovuka barabara nilikupa mkono. Ulishika. Upande wa pili ukauachia, ukasema, "Asante, Citoyenne."

Citoyenne! Kama redio, kama polisi anavyomwita mwanamke asiyemjua. Sijui ulilitoa wapi. Nyumbani ukaendelea. "Citoyenne, nipe chumvi." "Citoyenne, kandambili yangu iko wapi?" Papa alishika mbavu kwa kucheka. "Huyu atakuwa commissaire, atatufunga bote!" Nyumba nzima ilidhani ni mchezo. Nami nilicheka pamoja nao, Mungu anisamehe, kwa sababu nisingecheka wangeuliza.

Ilikuwa hivyo wiki kadhaa. Ndipo siku moja Papa akanituma kumpelekea Madame Lan mpira mpya wa mlango wa frigo. Madame akaupokea, akaniambia nikae nile. Nikakaa kwa sababu nilishindwa kukataa. Sikuwa nimekula peke yangu mahali popote maishani. Unamjua Koko: kwake anayekula peke yake ni mulozi, anaficha nyama ya watu. Niliona kila meza inanihesabia dhambi.

Madame akapita. "Unataka nini?"

"Chochote."

"Chochote hakuna." Akaenda.

Akapita tena. "Unataka nini?"

"Kile... kile kilichopo."

"Vyote vipo." Akaenda.

Mara ya tatu dereva mmoja wa lori, mdomo umejaa wali, akaniambia, "Citoyenne, sema haraka, kama sivyo atakupika wewe."

Watu wakacheka. Na sijui ni njaa au ni lile jina kutoka kinywa kingine, lakini nikasema, tena kwa nguvu: "Tambi na kuku! Na tangawizi! Na nem mbili!"

"Aa," Madame akasema, "kumbe sauti iko. Na yule mudogo wa kuagiza, yuko wapi?"

"Mtoto wangu yuko nyumbani," nikamjibu. "Amenikasirikia."

"Ako na haki?"

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa tu, akaingia jikoni. Hakuniambia la kufanya, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Nilikula sahani yote. Na katikati ya kula nikagundua jambo. Nilikuwa nimeomba tangawizi kwa sababu wewe ulikuwa unaniombea kila mara. Mimi sikuwahi kukunong'oneza tangawizi. Wewe uliona tu, tangu ile siku ya Mgiriki, kwamba ninaokota zile nyuzi moja moja pembeni ya sahani na kuziweka mwisho. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amenitazama nikila, akajua ninachopenda kabla sijakijua mwenyewe. Wangapi wamewahi kutazamwa hivyo?

Zile nem sikuzila. Nilikuletea ndani ya karatasi. Ulizila, ukalamba vidole, ukasema, "Asante." Nikangoja lile neno lifuate. Halikufuata. Kesho yake ukaniita "Ya Feza", kama mtu anavyomwita dada mkubwa yeyote wa mtaani. Na hivyo ndivyo unavyoniita mpaka leo.

Hapo ndipo nilipokosa mara ya pili, na kosa hili naliona kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa la woga, lilitoka kwa pumzi moja. La pili nimelifanya miaka mitatu, kila siku. Nilifikiri nem mbili zimeomba msamaha kwa niaba yangu. Hazina mdomo, mwanangu. Tulirudi kwa Madame Lan mara nyingi, tukacheka, Papa akajaribu kula kwa vijiti na kumrushia Koko kuku kifuani, ukajifunza kumwambia Madame asante kwa lugha yake. Kila mara nikajiambia kwamba yamekwisha. Kimya changu kilikuwa kitamu, nikakiita amani.

Basi leo nasema. Nilikukana mbele ya watu, nawe ulikuwa wangu. Nisamehe.

Na huendi Kinshasa kwa kuwa wewe si wa hapa. Unakwenda kwa sababu mama yako aliyekuzaa amepata nyumba yenye chumba cha mtoto, na katika barua zake zote, tangu nilipojua kusoma vizuri na kumsomea Koko, hakuna hata moja isiyouliza umefika kimo gani. Tulikupima kwenye fremu ya mlango kwa ajili yake. Mwite mama, na umwite kwa sauti ile ya juu ya kiti. Nitaona wivu kidogo. Utapita, au hautapita, hiyo si kazi yako.

Nasikia Kinshasa kuna migahawa ya namna ya Madame Lan mingi, mikubwa, yenye taa nyekundu. Labda watakupeleka. Mauwa ni dada yangu, naye tangu zamani akiulizwa mbele ya watu hutazama kucha zake. Akikaa kimya mbele ya menyu, usimcheke. Mtazame kwanza anachokisogeza pembeni ya sahani na kukila mwisho. Baadaye utajua la kufanya. Na kama siku moja utajikuta mezani peke yako, ule tu. Si ulozi. Mimi nilijuana na nafsi yangu pale, nusu saa, na haikuwa mtu mbaya sana.

Asante kwa kunipazia sauti. Asante kwa tangawizi. Asante kwa kunikasirikia waziwazi, kwa sababu kama ungenyamaza ningebaki nikijiita mtu wa adabu mpaka uzee. Nimemaliza shule mwezi uliopita, na watu wanasema nimesoma. Nusu ya nilichosoma nilikisoma nikiwa nimejificha nyuma ya kichwa chako.

Jambo la mwisho, halafu nafunga, maana Koko anaomba mafuta ya nywele.

Asubuhi hii, ulipokuwa bado umelala, nilikwenda na Papa kutafuta karatasi yako ya safari. Mstari ulikuwa mrefu mpaka nje. Karani alikuwa na mashine yake ya kuandikia, hainui kichwa. "Jina ya mutoto?" Papa akajibu. "Mama ya mutoto?"

Papa alikuwa anavuta pumzi aseme Mauwa. Nikasema, "Ni miye."

Karani akainua kichwa. "Wewe uko na miaka ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na mutoto?"

"Tisa."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Watu nyuma yetu wakalipuka. "Karani, usihesabu, andika!" mwanaume mmoja akapaza. Na mama mmoja mwenye kuku wawili mkononi akasema, "Iko mama yake mudogo! Wewe karani ulizaliwa wapi, hujui mama?"

"Mudogo ao mukubwa," karani akasema, "karatasi iko na nafasi moja."

Papa hakunisahihisha. Akanisogelea, akaweka mkono wake begani pangu, ule wenye harufu ya grisi.

Kwa hiyo usishangae utakapoisoma. Mauwa akikasirika, mwambie zile karatasi nyingine zote za Kinshasa zitakuwa zake, hii moja nafasi ilikuwa moja na mimi ndiye niliyekuwa mbele ya mashine.

Kabla ya kupiga muhuri, karani aliniuliza kama nina hakika. Nilijibu ndiyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.

Mama yako,
Feza